Kitelezo cha Msumeno

Vyombo vya kazi ni vya namna mbili. Viko vyombo vifanyavyo kazi vyenyewe, na viko vyombo viongozavyo vingine katika kufanya kazi. Shoka, patasi, tezo na randa ni vya namna ya kwanza. Rula, timazi na pimamaji ni vya namna ya pili. Chombo cha namna ya kwanza kikiwa kibaya huharibu kazi moja, na mwenye nacho huuona uharibifu siku hiyo hiyo. Chombo cha namna ya pili kikiwa kibaya huharibu kila kazi ipitayo mbele yake, tena huiharibu kwa upole, hata fundi akailaumu mbao, au akailaumu gundi, au akailaumu mikono ya mwanafunzi wake, na chombo chenye hatia kikabaki kimetundikwa ukutani kwa heshima.

Nataka kukueleza, msomaji, habari za chombo kimoja cha namna hii ya pili. Si chombo cha fahari. Ni vipande vichache vya mbao vilivyoungwa kwa gundi na skrubu, na thamani yake sokoni ni ndogo. Lakini wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Nami naona kwamba katika kuundwa kwa chombo hiki mna mafunzo ambayo kijana aweza kuyachukua hata kama hatashika msumeno maisha yake yote.

Mimi ni mwalimu wa useremala katika shule ya sekondari iliyo katika mji wa pwani. Nilipokuwa katika chuo cha ualimu tulifundishwa kazi ya mkono kwanza na kazi ya mashine baadaye, na kwa utaratibu huo huo nawafundisha wanafunzi wangu. Anayeingia karakana yetu huanza kwa msumeno wa mkono, akajua uzito wa ubao na ukaidi wake. Akisha kuyajua hayo ndipo aonyeshwapo msumeno wa meza.

Ikiwa hujapata kuuona msumeno huo, nitakueleza ulivyo. Ni meza ya chuma kilichosuguliwa kikawa laini. Katikati ya meza pana mwanya mwembamba, na katika mwanya huo hutokeza duara la chuma lenye meno, ambalo huzungushwa na mota iliyo chini. Kwa msumeno wa mkono, ubao hutulia na msumeno hutembea. Hapa msumeno hukaa mahali pake, na ubao ndio usukumwao kuuendea. Juu ya meza, kulia na kushoto kwa msumeno, mna mifereji miwili iliyonyooka, sambamba na duara lile. Ikumbuke mifereji hiyo, maana nitairudia.

Mwendo wa msumeno huo si wa kufanyia mzaha. Duara lenye kipenyo cha milimita 254, likizunguka mara 4,000 kwa dakika, kila jino lake husafiri zaidi ya mita 50 kwa sekunde moja. Ukifanya hesabu utaona kwamba huo ni mwendo wa kilomita zaidi ya 190 kwa saa. Katika barabara zetu za Kenya matatu haliruhusiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa. Basi jino la msumeno uliosimama mahali pamoja huenda kwa mwendo uzidio maradufu ya mwendo wa matatu, na mkono wa mtoto wa watu huwa umbali wa shibiri moja kutoka kwake.

Tena hatari si ya kukatwa peke yake. Upande wa duara ulio karibu na fundi, meno hushuka, yakaukandamiza ubao juu ya meza. Upande wa nyuma, meno hupanda. Ubao ukipinda kidogo tu wakati wa kukatwa, meno ya nyuma huushika, yakauinua na kuutupa kwa nguvu kumwelekea yule aliyekuwa akiusukuma. Mkono uliokuwa umeshika ubao waweza kuvutwa kwenye meno kabla akili haijapata habari. Jambo hili hutokea hasa fundi akatapo kipande kifupi kwa upana, huku ncha yake moja imegusa kile kiongozi cha chuma kilichowekwa juu ya meza kwa ajili ya kupasulia mbao kwa urefu. Kipande hubanwa kati ya kiongozi na msumeno, kikakosa pa kwenda, na kisichokuwa na pa kwenda hurudi kilikotoka.

Yuko mzee mmoja katika mji wetu, fundi wa makabati na vitanda, ambaye mkono wake wa kushoto una vidole vitatu. Siku moja niliwapeleka wanafunzi wangu wakamtazame kazini. Walimwamkia, “Shikamoo, mzee,” naye akaitikia, “Marahaba, wanangu, karibuni.” Vijana walitazama kila kitu isipokuwa mkono ule, na kwa kutoutazama kwao mzee akajua wameuona. Akauweka juu ya meza, wazi, akasema:

“Wanangu, msumeno huu haukunichukia, wala haukunipenda. Nilikuwa nakata vipande vya miguu ya vitanda. Nilikata vipande mia moja, havikunifanya neno. Hivyo mia ndivyo vilivyonidanganya. Cha mia na moja nilikikata pamoja na mkono wangu.”

Kisha akanigeukia akasema, “Mwalimu, wape watoto hawa kitu cha kushika kisichokuwa ubao wenyewe.”

Maneno hayo yalikuja kwa wakati wake. Maabara ya fizikia ya shule yetu ilihitaji viti 24 visivyo na mgongo, na mwalimu mkuu alikuwa ameikabidhi karakana kazi hiyo. Kila kiti kilikuwa na miguu 4 na vipande 8 vya kuiunganisha, 4 juu na 4 chini. Jumla vipande 12. Viti 24 ni vipande 288, na kila kipande kina ncha mbili. Kwa hiyo mikono ya wanafunzi wangu ingepita karibu na msumeno mara 576. Mzee alisalimika mara mia, asisalimike mara ya mia na moja. Nikawaambia wanafunzi kwamba hatutakata hata kipande kimoja cha kiti kabla hatujaunda kitelezo.

Kitelezo ni sakafu ndogo ya ubao itelezayo juu ya meza ya msumeno, ikichukua juu yake kipande kinachokatwa. Wasemao Kiingereza hukiita sleji, kwa jina la gari lisilo na magurudumu ambalo watu wa nchi za baridi huliburuta juu ya theluji. Sisi wa pwani hatuna theluji, lakini kuteleza tunakujua, ndiyo maana tukakiita kitelezo. Chini ya sakafu hiyo mna ndimi mbili za ubao zinazoingia katika ile mifereji miwili ya meza. Juu yake mna kuta mbili fupi zinazoikingama njia ya msumeno: ukuta wa mbali na ukuta wa karibu. Fundi hukilaza kipande juu ya sakafu, akakigusisha na ukuta wa karibu, kisha akausukuma ukuta huo kwa mikono miwili. Kitelezo huenda na kipande huenda pamoja nacho. Kipande hakiwezi kupinda, maana kimeegemea ukuta. Na mikono iko juu ya ukuta, mbali na njia ya meno.

Tulianza na ndimi. Kwa kazi hiyo tulichagua mvule mkavu uliotoka katika fremu ya mlango wa zamani. Hewa ya pwani ina unyevu mwingi, na mbao mbichi hunywa unyevu ikavimba, ikautoa ikasinyaa. Ulimi uliopita vizuri asubuhi waweza kukwama jioni. Mvule uliokwisha kukaa miaka mingi katika mlango umeyazoea masika na kiangazi, haushtuki upesi. Mifereji ya meza yetu ina upana wa milimita 19. Tuliupunguza kila ulimi kwa randa, unyoya baada ya unyoya, tukiujaribu katika mfereji kila mara, hata ukapita kwa kusukumwa na kidole kimoja bila kuyumba kulia wala kushoto. Urefu wa kwenda chini tuliufanya uwe pungufu kidogo ya kina cha mfereji, ili sakafu ya kitelezo ikae juu ya meza yenyewe, isije ikasimama juu ya ndimi kama mtu aliyevaa viatu virefu.

Sakafu tuliikata katika plaiwudi ya milimita 12. Plaiwudi hutengenezwa kwa tabaka nyembamba za mbao zilizogundishwa, na nyuzi za kila tabaka hukingamana na nyuzi za tabaka iliyo jirani yake. Kwa hiyo kila tabaka huizuia jirani yake isitanuke, na ubao wote hutulia. Tulitia sarafu chache ndani ya mifereji, tukaweka ndimi juu ya sarafu ili zijitokeze kidogo juu ya meza, tukazipaka gundi, tukailaza sakafu juu yake na kuilemea kwa mawe. Gundi ilipokauka tukatia skrubu kutoka juu, tukaondoa sarafu, tukasugua ndimi kwa nta ya mshumaa. Kitelezo kikateleza.

Kuta mbili tulizifanya nene, kila moja tabaka tatu za plaiwudi ile ile, milimita 36, maana ukuta upindao ni kiongozi apindaye. Ukuta wa mbali kazi yake ni kuishika sakafu isije ikaachana vipande viwili msumeno ukisha kuikata katikati. Ukuta huo tuliufunga moja kwa moja. Ukuta wa karibu ndio wenye kazi kubwa, kwa kuwa kila kipande kitauegemea huo. Ukisimama katika pembe mraba na njia ya msumeno, kila ncha itakatwa mraba. Ukienda upande, kila ncha itakwenda upande. Kwa hiyo tulitia skrubu moja tu katika ncha yake ya kulia, na ncha ya kushoto tukaishika kwa jiliwa ndogo ya kubania, ili tuweze kuisogeza.

Sasa tulifika mahali penye maana kuliko pote. Mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu, kijana hodari mwenye mikono mizuri, alichukua kile kipimo cha pembe mraba ambacho mafundi hukiita skwea. Akakilaza kati ya ukuta na njia ya msumeno, akainama akatazama kama mwanga unapita. Haukupita. Akasimama kwa furaha.

“Mwalimu, mraba huu. Tutie skrubu ya pili?”

Nilimwuliza, “Mkono wa skwea yako una urefu gani?”

“Milimita 150, mwalimu.”

“Na ukuta wetu?”

“Milimita 650.”

“Basi umeuliza robo ya ukuta, nawe unataka kujibiwa na ukuta mzima.”

Kijana alinyamaza, lakini uso wake ulionyesha kwamba hakuridhika, wala sikumlaumu. Macho yake yalikuwa yamemwambia kweli kadiri macho yawezavyo. Wajenzi wa nyumba hupima pembe ya msingi kwa kamba ya futi 3, futi 4 na futi 5, na nyumba zao husimama. Mraba wa nyumba hauhitaji zaidi ya hayo. Lakini kosa dogo lisilodhuru nyumba humdhuru aketiye juu ya kiti, kwa sababu kiti kina vipande 12, na kila kipande huja na kosa lake na kuliongeza juu ya kosa la mwenziwe. Tulihitaji njia ya kuliona jambo ambalo jicho haliwezi kuliona. Njia hiyo ipo, nayo huitwa mikato mitano. Ifuate polepole, msomaji, kwa penseli na karatasi, maana ni jiometria ile ile uifanyayo darasani.

Twaa ubao wa kutupwa wenye pande nne, karibu mraba. Andika nambari katika pande zake: 1, 2, 3, 4. Weka ubao juu ya kitelezo, ukate upande wa 1, membamba tu. Sasa ugeuze ubao, upande wa 1 uliokatwa uegemee ukuta, ukate upande wa 2. Ugeuze tena, upande wa 2 uegemee ukuta, ukate wa 3. Ugeuze tena, ukate wa 4. Mwisho, upande wa 4 uegemee ukuta, nawe ukate tena upande wa 1, lakini mara hii ukate ukanda wenye upana wa kama milimita 25. Ukanda huo usiutupe. Ndio shahidi.

Tuseme ukuta wetu umekosea kwa chembe, hata kila pembe tukatayo ni digrii 90 na chembe moja. Baada ya mikato minne, pembe iliyo kati ya upande wa 1 na wa 2 ina chembe moja ya ziada. Kati ya 2 na 3, chembe moja. Kati ya 3 na 4, chembe moja. Lakini jumla ya pembe za ndani za umbo la pande nne ni digrii 360, wala haiongezwi kwa ajili ya mtu. Kwa hiyo pembe ya mwisho, iliyo kati ya 4 na 1, hulipa deni la wenziwe: ni digrii 90 kasoro chembe tatu. Mkato wa tano unapokuja, unataka kuifanya pembe hiyo hiyo iwe digrii 90 na chembe moja. Kutoka kasoro tatu hata ziada moja ni hatua nne. Basi ukanda uliokatwa mwisho hauna upana sawa katika ncha zake mbili. Umenenepa upande mmoja, na kunenepa kwake ni kosa letu lililozidishwa mara nne.

Tuliazima kalipa ya vernia kutoka maabara ya fizikia, yaani ile maabara iliyokuwa ikingoja viti. Ukanda wetu ulikuwa na urefu wa milimita 400. Ncha yake moja ilisoma milimita 25.6, na ya pili 24.8. Darasa lilinyamaza kimya. Ukuta ambao skwea iliusafisha ulikuwa na hatia.

Nikawapa hesabu. Tofauti ya ncha mbili ni milimita 0.8. Igawanye kwa 4, kwa kuwa kosa lilizidishwa mara nne, unapata 0.2. Hilo ndilo kosa katika urefu wa milimita 400. Kutoka skrubu ya kulia mpaka jiliwa ya kushoto ni milimita 600, basi kosa hapo ni 0.2 mara 600 gawanya kwa 400, yaani milimita 0.3. Katika urefu wa skwea, milimita 150, kosa hilo hilo ni milimita 0.075, pungufu ya unene wa karatasi moja. Ndiyo sababu mwanga haukupita, na kijana wetu hakuwa na njia ya kuliona.

“Na milimita 0.3 tutaisogezaje, mwalimu?” aliuliza yule yule kijana. Swali lilikuwa zuri, maana hakuna mkono wa binadamu uwezao kusogeza ubao kwa kiasi hicho kwa kukisia. Nikamwambia alete karatasi tatu za kupigia chapa. Karatasi moja ya namna hiyo ina unene wa karibu sehemu moja ya kumi ya milimita. Tuliweka karatasi tatu kwenye ncha ya kushoto ya ukuta, upande ule ambao ukuta ulitakiwa kuuendea, tukasukuma kipande cha mbao kikazigusa, tukakibana kipande hicho kisiondoke. Kisha tukachomoa karatasi, tukalegeza jiliwa, tukausukuma ukuta hata ukakigusa kile kipande. Ukawa umesogea unene wa karatasi tatu, bila kuzidi wala kupungua.

Tukairudia mikato mitano tangu mwanzo. Mara hii kalipa haikuona tofauti kati ya ncha mbili za ukanda. Kalipa isomayo sehemu ya kumi ya milimita isipoona kosa lililozidishwa mara nne, kosa lenyewe ni dogo kuliko robo ya sehemu hiyo. Ndipo nilipomkabidhi yule kijana keekee na skrubu zilizobaki, akazitia kwa mkono wake.

Kitelezo kilikuwa na haki, lakini hakikuwa salama bado. Kile kifuniko cha msumeno kinachokaa juu ya meza hakiwezi kutumika pamoja na kitelezo, kwa hiyo kitelezo lazima kije na kinga yake. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inataka sehemu za hatari za mashine zizingirwe, na karakana ya shule ina wajibu wa kulitimiza jambo hilo kuliko mahali pengine pote, maana wafanyao kazi humo ni watoto wa watu. Nyuma ya ukuta wa karibu, mahali msumeno unapotokeza mwisho wa mkato, tuligundisha kizibo kinene cha ubao, ili meno yakitokeza yajikute ndani ya mbao, yasikute kidole gumba. Tukakipaka kizibo rangi nyekundu. Kutoka ukuta mpaka ukuta, juu ya njia ya msumeno, tuliweka kipande cha plastiki ngumu ionyeshayo. Chini tukatia kizuizi, ili kitelezo kisimame kabla msumeno haujakipita kizibo. Tukaandika amri tatu na kuzibandika ukutani: hakuna mwanafunzi awashaye mota pasipo mwalimu kusimama karibu, hakuna agusaye duara kabla waya haujachomolewa katika soketi, hakuna aondoaye kipande kilichokatwa kabla duara halijasimama kabisa.

Kazi ya viti ikaanza. Ili vipande viwe na urefu mmoja, tulibana kijiti cha kukomea juu ya ukuta wa karibu. Kila kipande kiligusa kijiti hicho kabla ya kukatwa. Kona ya chini ya kijiti tuliikata kidogo, ili vumbi la mbao lipate mahali pake pa kukaa. Vumbi hilo ni jepesi, lakini likikaa kati ya kijiti na kipande hukifupisha kipande, na kiti chenye mguu mfupi humkumbusha aketiye jina la fundi wake kila siku. Vijana walipokezana. Mmoja alikata, mmoja alipanga vipande, mmoja alihesabu kwa sauti. Ilipofika mia, nilisimamisha mota, nikawaacha wapumzike na kunywa maji. Hapana aliyeuliza kwa nini. Kisha tukaendelea na cha mia na moja.

Ncha 576 zilikatwa. Viti 24 viliungwa, na vilipowekwa juu ya sakafu ya saruji ya maabara vilisimama kwa miguu yote minne. Lakini hesabu niliyoifurahia kuliko hizo ilikuwa nyingine: vidole vilivyoingia katika karakana ndivyo vilivyotoka.

Huenda ukasema, msomaji, kwamba siku tulizotumia kuunda kitelezo zingetosha kukata nusu ya vipande vile. Ni kweli. Kitelezo hakiketiwi na mtu, wala hakikuorodheshwa katika vitu ambavyo shule iliagiza. Atakayeingia maabara ataona viti. Hataona ukanda wa ubao wa milimita 400 wala karatasi tatu. Kazi nyingi zilizo njema zina kitu cha namna hiyo nyuma yake, kisichoonekana wala kusifiwa. Mwanafunzi akisoma usiku kwa utulivu, kitu hicho ni utaratibu aliojiwekea. Mfanyabiashara akiaminiwa, ni mizani aliyoihakikisha kabla ya kufungua duka.

Jambo la pili ni hili. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Kwa uongo mkubwa ni kweli, haufiki mbali kabla ya kushikwa. Kosa dogo lina safari ndefu. Hupita mbele ya macho mazuri na mikono hodari, likapata kibali kila mahali, na kila lipitapo huongezeka. Kosa la ukuta wetu lilikuwa lizidishwe kwa vyovyote. Hiari tuliyokuwa nayo ilikuwa ya kuchagua mahali litakapozidishwa: katika ubao wa kutupwa, mara nne, mbele ya macho yetu, au katika viti vya wenzetu, mara 576, nyuma ya migongo yetu.

Basi ukiwa na kitu utakachokitumia kupimia vingine, kiwe ni rula, au ni kanuni ya hesabu uliyoikariri, au ni rai yako juu ya mtu, usiridhike kwa sababu mwanga haukupita. Tafuta ubao wa kutupwa, ukigeuze kitu hicho upande baada ya upande, ukikate mara tano, na ukanda wa mwisho uusome kwa kalipa. Ukiona tofauti, usifadhaike. Igawanye kwa nne, lete karatasi, usogeze ukuta. Skrubu ya pili itangoja.